Hilary wa Mapokezi

Wilibrodi alimwona Anneth kwenye mnada wa Karatu, ndani ya gauni la kitenge la njano, akibishania sketi ya mtumba. Akamtania kwamba sketi ile ingemfaa zaidi bibi yake. Wakacheka, wakapeana namba, na mwezi haukuisha kabla hawajaanza kuitana mpenzi.

Anneth alikuwa mapokezi kwenye loji moja ukingoni mwa Ngorongoro. Wilibrodi, fundi wa kompyuta, akapewa kazi na kampuni yenye loji hiyo, kwenye ofisi yake ya mjini Karatu: aondoe telnet, njia ya kizamani ambayo loji iliitumia kuingia kwenye seva kutoka mbali, aweke SSH, njia mpya inayoficha kila kinachopita. Ili meneja auone ubaya wake, alinasa mawasiliano ya asubuhi moja. Telnet haifichi kitu. Kwenye akaunti ya mapokezi, ambako Anneth alikuwa zamu peke yake, nywila ilijianika yote: HilaryWangu.

Wivu ukamkaba. Siku tatu hakupokea simu za Anneth, na kila dereva aliyepandisha watalii Ngorongoro alimwona ndiye Hilary mwenyewe.

Siku ya nne Anneth akashuka Karatu na laptopu ya mapokezi iwekewe SSH, sweta la baridi ya huko juu bado mwilini.

"Wili, nimekukosea nini?"

"Kamuulize Hilary wako."

Anneth akaduwaa, kisha akakunja uso. "Hilary ni mume wa Evelyn, yule mwanamke aliyekaa mapokezi kabla yangu. Evelyn aliniachia akaunti na nywila yake kwenye karatasi, nami sikuibadilisha. Ina maana umenisoma, ukanihukumu, hata kuniuliza hukuniuliza?"

Aibu ikamshika Wilibrodi. Akakiri kwamba wivu ulimfanya mjinga, akaomba msamaha. Anneth akavuta kiti, akataka aonyeshwe hiyo njia mpya.

Wilibrodi akamweleza kwamba ufunguo wa SSH una sehemu mbili: moja huwekwa kwenye seva, nyingine hubaki kwa mwenyewe, imefungwa kwa maneno anayoyajua yeye tu. Anneth alipoanza kuyaandika, Wilibrodi akageukia ukutani.

"Hutaki kuona?"

"Sitaki. Hata nikishakuoa sitauliza."

Vidole vya Anneth vikasimama. "Kwani umeshaniomba?"

"Ndiyo nakuomba sasa."

Akamsikia akiendelea kuandika, taratibu, hadi mwisho.

"Haya, geuka," Anneth akasema. "Baba yuko nyumbani Ganako, Jumamosi hashindi shambani. Njoo na wazee wako."