Baiskeli Iliyoning'inia kwa Fundi Nassibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwasiti alifagia mbele ya karakana ya baba yake, Fundi Nassibu, mtengenezaji wa baiskeli, akanyunyiza maji ili vumbi lisiruke, kisha akainua uso kutazama juu. Hapo, kwenye chuma kirefu kilichotokeza juu ya mlango, ilining'inia baiskeli nzima: usukani, tandiko na magurudumu mawili. Upepo ukivuma, gurudumu la mbele lilizunguka lenyewe na spoki zikametameta. Mji wote wa Shinyanga haukuwa na bango la namna ile! Mwasiti, msichana wa miaka kumi na miwili, alijivuna kana kwamba yeye ndiye aliyelitundika, ingawa siku ile kazi yake ilikuwa kushika ngazi tu.

"Mwangaluka, Mwasiti!" aliita Mama Maduhu, muuza viazi vitamu, kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akitua beseni lake chini ya baiskeli. Hapo ndipo alipokaa kila siku, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mama Maduhu."

"Marahaba. Leo ndiyo wanakuja hao wakubwa, eti?"

Naam, walikuwa wanakuja. Sheria ya mji ilitaka kila bango la biashara libandikwe ukutani, lisitokeze hata kidogo. Fundi Nassibu alikuwa ameomba aruhusiwe kubaki na baiskeli yake. Karakana ilijificha nyuma ya maduka, na wakulima wa pamba kutoka Samuye, ambao wengi hawakujua kusoma, waliitambua kwa baiskeli ile tu. Jioni hiyo kamati ya mji ingekuja kuiona kwa macho, kisha ikate shauri. Ikikataa, wateja wangepotea, na baba angerudi Geita kuchimba dhahabu. Zamani alipokuwa huko, Mwasiti alimwona mara moja kwa mwaka.

Shuleni siku hiyo Mwasiti hakusikia neno la mwalimu. Alifurahi kwamba wakubwa wangeiona baiskeli yao, lakini pia kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Ijumaa iliyopita, baba alipokwenda msikitini, Mwasiti alitaka rafiki yake Bhoke aone gurudumu likienda mbio zaidi. Alipanda ngazi, akalegeza nati, akapaka grisi. Lo, lilizunguka vuuu! Wote wawili wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Kumbe walikuwa wanachekea balaa. Upepo mkali ulivuma, gurudumu likachomoka na kuanguka puu, pale pale anapokaa Mama Maduhu. Bahati nzuri alikuwa amekwenda kisimani. Walilirudisha haraka, wakakaza nati kwa vidole na kulifunga kwa kamba nyembamba ya katani.

"Usimwambie mtu," Mwasiti alisema.

"Simwambii," alijibu Bhoke.

Saa kumi jioni kichochoro kilijaa watu. Bwana Marcel, mwenyekiti wa kamati, alifika pamoja na bwana afya na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa.

"Sheria ni moja kwa wote," alisema bwana afya akikunja uso.

"Lakini bango hili ni zuri, bwana!" alisema mwenye duka. "Hata mimi wageni wangu nawaelekeza kwa baiskeli hii."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Mwasiti naye akapiga makofi.

"Fundi, kuna kitu kimewahi kuanguka?" aliuliza Bwana Marcel.

"Hata msumari, bwana," alijibu baba, naye hakujua lolote.

"Nawe mama, unayekaa hapo chini?"

Mama Maduhu alimweka vizuri mtoto wake mgongoni. "Mimi sina neno. Namwamini fundi."

Maneno hayo yalimchoma Mwasiti. Alimtazama mtoto yule aliyelala, akatazama ile kamba ya katani. Bhoke alimfinya mkono anyamaze, lakini Mwasiti alipiga moyo konde.

"Gurudumu lilianguka!" alisema kwa sauti. "Nililegeza nati mimi. Baba hajui."

Baba alipanda ngazi, akalivuta gurudumu, nalo likamjia mikononi pamoja na kamba. Aliteremka uso umemshuka.

"Basi, shauri limekwisha," alisema bwana afya.

Mwasiti aliangua kilio. Tayari alimwona baba akifunga mzigo wake wa Geita.

Mama Maduhu akaenda moja kwa moja mbele ya kamati. "Halijakwisha, bwana. Gurudumu lingeniangukia mimi, si nyinyi. Fundi, unaweza kulikaza mtu asiweze kulilegeza?"

"Naweza," alisema baba. "Nitatia nati mbili na kugonga ncha ya chuma mpaka ipanuke, nati zisitoke. Kulitoa itabidi likatwe kwa msumeno. Nawe nitakujengea kibanda upande ule, usikae chini yake tena."

"Basi naafiki. Mwanzo niliafiki bila kujua. Sasa naafiki ninajua."

Baba alifanya kazi hiyo pale pale, nyundo ikilia, watoto wakishangilia kila pigo. Alipomaliza, bwana afya mwenyewe alipanda ngazi, akalivuta gurudumu kwa nguvu zake zote mpaka kofia ikamdondoka. Halikutikisika. Mikono mitatu ya wanakamati ikainuka kukubali baiskeli ibaki, na vigelegele vikapaa mpaka barabara kuu!

Watu walipotawanyika, Mwasiti alimsogelea baba yake akiogopa.

"Baba, nisamehe. Niliogopa utarudi Geita."

Fundi Nassibu aliweka nyundo chini. "Mwezi huu wote utamchotea maji Mama Maduhu. Hiyo ndiyo adhabu yako. Na unisikilize vizuri. Mimi ningekwenda Geita, siku moja ningerudi. Mtoto wa Mama Maduhu angeangukiwa na gurudumu, nani angemrudisha? Ukikosea, sema mapema, kosa lingali linarekebishika."

"Nimesikia, baba," alisema Mwasiti, akachukua ndoo na kumfuata Mama Maduhu kisimani.