Mwamuzi Humeza Mate Kwanza

Kila siku baada ya shule Gundi alipitia kwanza kwenye karakana ya mama yake mdogo, mahali palipotengenezwa viti na makochi. Aliweka mkoba wake juu ya cherehani mbovu, akachukua sumaku iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio, akaanza kuokota misumari midogo iliyoanguka sakafuni. Sumaku ilipojaa ilionekana kama nungunungu. Kazi hiyo aliipenda, kwa sababu aliifanya huku akimsikiliza mama mdogo akigombana na makochi.

Siku hiyo karakana ilikuwa kimya. Gundi alichungulia nyuma ya rundo la sponji, akamwona mama mdogo amechuchumaa nyuma ya kiti kipana kisicho na kitambaa. Goti lake bovu alikuwa amelisogeza pembeni, na midomoni alibana misumari. Ghafla akaitemea kiganjani, akasimama, akainua ngumi juu.

"Nje!" alipaza sauti.

Mteja mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, mto wa kochi kwapani. Alirudi nyuma upesi.

"Samahani, fundi. Nilifuata kochi langu tu. Kama kuna hasira nitarudi siku nyingine."

"Karibu, karibu! Si wewe," mama mdogo alisema, uso umemwiva kwa aibu. "Nilikuwa nakiambia kiti."

"Kiti kimekosa nini?"

"Kimechelewa kufika nyumbani," Gundi alijibu, na wote watatu wakacheka.

Mama mdogo alikuwa amewahi kucheza besiboli katika ligi ya ridhaa, yaani ligi ya watu wanaocheza kwa kupenda tu, bila mshahara. Alikuwa mdakaji. Mdakaji huvaa glavu nene na barakoa ya chuma, huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kulinda kituo cha mwisho kinachoitwa nyumbani. Mchezaji wa timu nyingine akivizunguka vituo vyote akafika nyumbani salama, timu yake hupata alama. Mdakaji akimgusa kwa mpira kabla hajafika, mchezaji huyo ametolewa, na mwamuzi hupaza sauti, "Nje!" Enzi zake mama mdogo aliitwa Mlango, kwa sababu wengi walibisha na wachache waliingia.

Kisha goti likaumia. Wenzake walioumia walibaki kukaa pembeni ya uwanja wakisimulia walivyokuwa hodari. Mama mdogo hakutaka kuwa hadithi. Alikwenda kwa mkuu wa waamuzi akaomba afundishwe. Mwaka mzima alibeba maji ya waamuzi wengine, akachora mistari ya chokaa uwanjani, akakariri kanuni huku akipigilia misumari. Kanuni nyingine Gundi alizijua kabla ya majedwali ya kuzidisha, kwa jinsi alivyozisikia zikirudiwa karakanani.

Sasa lilibaki jambo moja tu, mechi ya majaribio. Akifaulu, angepewa kofia ya bluu ya mwamuzi. Akishindwa, angerudi kubeba maji.

Jioni ile, walipofunga karakana, mkuu wa waamuzi alikuja kumwona. Alikuwa dereva mstaafu wa treni, na watu wote walimwita Mzee Breki.

"Shikamoo, mzee," Gundi alisema.

"Marahaba, mjukuu. Haya, mrushie shangazi... nani yako huyu?"

"Mama mdogo."

"Mrushie mama mdogo mipira, nione macho yake."

Mama mdogo alichuchumaa nyuma ya kiti chake, na Gundi akarusha mpira kuelekea ukutani. Mama mdogo alitoa uamuzi kama mpira ulipita mahali pake au la. Gundi akarusha tena, naye akatoa uamuzi tena. Mara ya tatu Gundi alishindwa kuvumilia.

"Mama mdogo, unaita uamuzi kabla mpira haujafika!"

"Najua utakapofika."

Mzee Breki alitikisa kichwa. "Hapo ndipo penye ugonjwa. Mchezaji mzuri huona kitakachotokea. Ndiyo maana ulikuwa Mlango. Lakini mwamuzi anatakiwa aone kilichotokea. Treni haisimami kwa sababu dereva amewaza kusimama. Jambo likiisha, meza mate kwanza, ndipo useme."

"Nitameza, mzee."

"Tutaona Jumamosi. Mwamuzi wa mechi ya watoto ana homa. Utachezesha wewe, na hayo ndiyo majaribio yako."

Gundi alishtuka. Mechi hiyo ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu ya Karakana, na jina la Gundi alipewa kwa sababu mpira ukiingia mikononi mwake hautoki.

"Lakini huyu ni mwanangu," mama mdogo alisema.

"Tutawauliza manahodha," alijibu Mzee Breki. "Wakikataa, basi."

Katika ligi ile kulikuwa na desturi. Kabla ya mechi manahodha wawili waliitwa mbele ya mwamuzi wakaulizwa kama wana neno naye. Baada ya mechi waliulizwa tena, na kwa mwamuzi wa majaribio swali la pili ndilo lililokuwa na uzito. Nahodha mmoja tu akisema ana neno, mwamuzi hakupewa kofia.

Jumamosi uwanja ulikuwa umejaa. Mama mdogo alivaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Gundi alivaa kinga ya kifua ambayo mama mdogo alimshonea kwa sponji na mabaki ya kitambaa cha kochi chenye maua.

"Kochi linakuja! Pisheni sebule!" wachezaji wa timu ya Stesheni walimtania.

"Kaeni basi, mkichoka kufungwa," Gundi alijibu.

Mzee Breki aliwaita manahodha. Wa Karakana alikuwa msichana mfupi mwenye hasira za karibu, aliyeitwa Pilipili. Wa Stesheni alikuwa mrefu, mpole, na wenzake walimwita Twiga.

"Mwamuzi wa leo ni mama mdogo wa mdakaji wa Karakana," Mzee Breki alisema. "Siwafichi. Mna neno naye?"

"Hatuna," Pilipili alijibu haraka.

Twiga alimtazama mama mdogo, kisha akamtazama Gundi. 

"Hatuna neno," alisema. "Tunamwamini."

Mechi ilikuwa ngumu. Mama mdogo alichezesha vizuri ajabu. Gundi, aliyechuchumaa mbele yake, alisikia kila mara pumzi ikitulia, koo likimeza, kisha sauti ikitoka kavu na wazi. Hata wazazi waliokuja na midomo yao tayari kwa kulalamika walikosa la kusema. Gundi alijisikia fahari mpaka akasahau kiu.

Mwisho wa mchezo ukakaribia, timu zikiwa na alama sawa. Karakana walihitaji sare tu ili waingie fainali. Wachezaji wawili wa Stesheni walikuwa wameshatolewa. Akitolewa wa tatu, mchezo umekwisha. Twiga alikuwa amesimama kwenye kituo cha pili, akingoja kukimbia.

Mpigaji wa Stesheni aliupiga mpira ukaruka mbali. Twiga akachomoka. Kule nyuma Pilipili aliukimbilia mpira, akauokota, akaurusha kwa nguvu zake zote. Ulikuja umenyooka kama uzi. Gundi aliunyaka, akageuka, akajitupa mbele ya nyumbani. Twiga naye alijitupa miguu mbele. Wakagongana, vumbi likatimka.

"Nje!" mama mdogo alipaza sauti.

Karakana walilipuka kwa shangwe. Pilipili alikimbia kutoka mbali akirusha kofia juu.

Gundi alikuwa bado amelala kifudifudi. Chini ya kifua chake, kati ya maua ya kitambaa cha kochi na mchanga, alihisi kitu kigumu cha mviringo. Glavu yake ilikuwa tupu. Mpira ulikuwa umemchomoka walipogongana, na mdakaji akiangusha mpira, mkimbiaji yu salama.

Hakuna aliyeona. Vumbi lilikuwa jingi, na kinga ya kifua iliufunika mpira wote. Gundi aliuingiza mkono wa glavu chini ya kifua taratibu, vidole vikaushika mpira. Sasa angeweza kusimama nao tu. Timu ingeingia fainali. Na mama mdogo angepata kofia, kwa kuwa uamuzi wake ungebaki uamuzi. Akisema kweli, watu wote wangejua kwamba mwamuzi ameita mapema, tena mbele ya Mzee Breki.

Twiga alisimama akipangusa vumbi magotini. Machozi yalimlengalenga. Gundi alingoja abishe. Laiti angebisha, akatukana, ingekuwa rahisi kumchukia. Lakini Twiga aligeukia nyuma akasema, "Sawa, mwamuzi," akaanza kuondoka.

Gundi alisimama. Aliunyoosha mkono wenye mpira, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Mwamuzi, mpira ulianguka. Nimeuokota chini."

Shangwe zilikatika. Pilipili, aliyekuwa amefika karibu na mikono wazi, alisimama kama aliyegonga ukuta.

Mama mdogo alivua barakoa. Alimtazama Gundi, akautazama mpira wenye mchanga. Gundi aliona koo lake likimeza mate, safari hii polepole sana. Kisha akatandaza mikono yote miwili pembeni ili watu wote waone.

"Salama!" alisema kwa sauti kubwa. "Mkimbiaji amefika salama. Niliita mapema. Kosa ni langu."

Stesheni walikuwa wameshinda.

"Gundi gani wewe!" mchezaji mmoja wa Karakana alifoka. "Leo umekuwa uji!"

"Ungenyamaza tu!" mwingine akasema. "Nani alikuuliza?"

Gundi alipangusa mchanga kwenye kinga yake. Lililomuuma halikuwa maneno yao. Alimtazama mama mdogo amesimama peke yake pale nyumbani, barakoa mkononi, huku Mzee Breki akija taratibu na mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko ule, wote walijua, mlikuwa na kofia.

Manahodha waliitwa.

"Mna neno na mwamuzi?" Mzee Breki aliuliza.

"Hatuna," alisema Twiga.

"Mshindi hujibu upesi. Na wewe, mwanangu?"

Pilipili aliukanyagakanyaga mchanga. Nyuma yake wenzake walinong'ona, "Sema unalo! Sema!"

"Ninalo," Pilipili alisema.

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Gundi alifumba macho.

"Aliita mapema," Pilipili aliendelea. "Mimi nimerusha mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kurusha, nikashangilia, nikaona fainali hii hapa. Kumbe bure. Imeniuma, na bado inaniuma." Alivuta pumzi. "Lakini mwamuzi wa mwezi uliopita alikosea, tukamwambia, akatutishia kututoa uwanjani. Huyu ameambiwa na mtoto, akakubali mbele ya watu wote. Mechi ijayo, mzee, mimi ningependa tuchezeshwe na yeye."

"Kwa hiyo unalo au huna?"

"Na mwamuzi sina. Ninalo na Gundi. Kesho aje mazoezini mapema, adake mipira mpaka mikono iimbe!"

Watu waliangua kicheko, hata wale waliokuwa wamenuna. Mzee Breki alitoa kofia ya bluu mfukoni, lakini hakumkabidhi mara moja.

"Goti lako limestaafu, roho yako bado inacheza," alimwambia mama mdogo. "Hilo la kuita mapema litapona kwa mazoezi, nami nitakusimamia mpaka lipone. Kukubali kosa mbele ya umati ni kazi ngumu zaidi, na wewe umekuja nayo tayari. Vaa."

Jioni walirudi karakanani. Mama mdogo aliitundika kofia kwenye msumari juu ya cherehani mbovu, wakakaa wakiitazama.

"Niliogopa utaikosa kwa ajili yangu," Gundi alisema.

"Nami niliogopa hivyo hivyo." Mama mdogo alicheka kidogo. "Lakini fikiri, mwanangu. Ungenyamaza, ningeivaa kofia hii kwa furaha miaka yote, bila kujua. Wewe ungejua. Kila ukiingia hapa ungeiona msumarini, na kila nikikusifu ungeinamisha macho. Uongo wa kumsaidia mtu unayempenda huonekana mtamu, lakini ni wewe unayebaki kuubeba. Kweli imetuuma mara moja, imekwisha. Leo tunalala usingizi."

Mlangoni palisikika mtu akikohoa. Alikuwa yule mteja mwenye mto.

"Hodi, fundi. Naona kofia mpya, hongera! Haya, kochi langu vipi? Limetolewa au lipo salama?"

Kochi lilikuwa katikati ya karakana, limekamilika, linapendeza. Mama mdogo alilizunguka, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, mahali ambapo hakuna mgeni ambaye angepatazama. Gundi aliona koo lake likimeza mate.

"Mshono mmoja umepinda," mama mdogo alisema. "Kosa ni langu. Nipe mpaka kesho."

Gundi alicheka, akachukua sumaku yake, akaanza kuokota misumari.