Jeska na Tumbaku Mbichi

Katika kijiji chao, wilayani Urambo, hakuna mwanamke aliyemshinda Jeska kufunga tumbaku. Alikaa juu ya gunia kwenye kibanda cha nyasi, mbele ya bani. Bani ni lile jengo refu la matofali la kukaushia majani. Mkono wa kushoto uliokota majani matatu, wa kulia ukapitisha uzi, na majani yakaning'inia kwenye kijiti. Wenzake walipomaliza kijiti kimoja, Jeska alikuwa ameegemeza cha pili ukutani.

"Mama Julieth, vidole hivyo umeazima wapi?" walimtania.

"Nyie fungeni kwa mikono, mnafunga kwa midomo," alijibu bila kuinua macho.

Kazi ilianza kabla jua halijapanda. Mumewe, Manirambona, alichuma majani shambani. Jeska aliyabeba kifuani, mzigo baada ya mzigo, hadi kibandani. Ulikuwa mwezi wa pili na mvua ilinyesha karibu kila siku. Kufikia saa tatu asubuhi gauni lake lilikuwa limelowa kifuani na tumboni. Mikono yake ilinata utomvu mweusi.

Jeska alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Hiyo ilikuwa mimba ya tatu. Julieth, mtoto wa kwanza, alizaliwa Kaliua kwa wazazi wa Jeska. Wao hawalimi tumbaku. Wanauza mchele karibu na stesheni. Mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa hapa, kabla ya wakati wake. Alikuwa na kilo moja na nusu. Aliishi siku nne. Walimzika, na nyumbani hakuna aliyemtaja tena. Lakini Jeska hakumsahau. Kila alipoamka aliweka mkono tumboni, akasubiri. Mtoto akicheza, ndipo alipoinuka kitandani.

Shida yake ilikuwa kutapika. Ikifika saa sita mchana kichwa kiligonga, kizunguzungu kikamshika, na uji wote wa asubuhi ukatoka. Mama mkwe wake, Apolinaria, hakushtuka.

"Mimba hiyo," alisema. Alimletea bakuli la wanzuki, pombe ya asali. "Kunywa, mkwe wangu. Mtoto apate nguvu. Mimi nimezaa saba, na tumbaku nilifunga mpaka siku ya uchungu."

Jeska alikunywa. Nani angebishana na mama aliyezaa saba?

Alhamisi moja Jeska alisimama kuchukua kijiti, akaanguka. Wanawake walimwegemeza ukutani. Mwili wake ulikuwa wa baridi, na jasho lilimtoka. Wakamwita Mektilda, mhudumu wa afya wa kijiji, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Mektilda alikuja mbio, kanga begani.

"Shikamoo mama," alimwambia Apolinaria.

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio huyu mimba inamsumbua."

Mektilda alichuchumaa. "Jeska, umeumia tumbo? Unatokwa damu?"

"Hapana."

"Mtoto anacheza?"

"Asubuhi alicheza."

"Kutapika huku kulianza lini?"

"Tangu tuanze kuchuma. Mwezi wa kwanza."

"Wajawazito wengi huacha kutapika ikifika miezi minne. Wewe ndiyo kwanza umeanza?"

Apolinaria alicheka. "Tena mtoto mwenyewe ana maajabu. Jumapili hamtapishi mama yake hata kidogo. Huyo atakuwa padri!"

Wanawake wakacheka. Mektilda hakucheka.

"Mama, hebu rudia. Jumapili hatapiki?"

"Hatapiki. Tukitoka misa anakula ugali kama watu wawili."

"Na Jumapili hamchumi."

"Mkristo gani anachuma Jumapili?"

Mektilda alimgeukia Jeska. "Juzi Jumanne mvua ilinyesha kutwa, mkakaa ndani. Ulitapika?"

Jeska alifikiri. "Sikutapika."

"Basi si mimba peke yake," alisema Mektilda. Alichukua jani moja bichi kwa ncha za vidole, akaliinua. Maji yalidondoka. "Ndani ya jani hili mna sumu inayoitwa nikotini. Mvutaji wa sigara huipata kwa moshi. Wewe unaipata kwa ngozi. Jani likilowa, sumu inatoka na maji. Gauni likilowa, inakaa mwilini kutwa. Ndiyo inayoleta kichwa, kizunguzungu na kutapika. Nayo haiishii kwako. Inapita kwenye damu na kumfikia mtoto. Mtoto anaweza asikue vizuri. Anaweza kuzaliwa mdogo, au kabla ya wakati."

Wanawake waliweka nyuzi zao chini.

"Mimi nilizaa saba," alisema Apolinaria. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Saba! Tumbaku hii hii."

"Wako hai wangapi, mama?"

Apolinaria aliinamisha uso. Alivuta kanga yake, akaifunga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Wanne," alisema.

Hapo Manirambona alifika na mzigo wa majani. Aliutupa chini. Walipomweleza, alikunja uso.

"Dada Mektilda, majani haya yameiva. Yasipoingia banini leo, kesho yameoza. Na bani haliwashwi likiwa nusu. Nani atafunga kwa kasi yake? Huyu ndiye mfungaji wangu!"

"Nitaendelea polepole," Jeska alisema haraka. "Nikivaa gauni kavu..."

Aliipenda kazi yake. Ilikuwa ndiyo sifa yake kijijini.

"Gauni kavu litalowa tena," Mektilda alisema. "Mjamzito hatakiwi kugusa tumbaku mbichi, si polepole, si haraka. Na hata hii iliyokauka, vumbi lake si zuri kwake."

Jeska aliweka mkono tumboni. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo, "Yule wangu wa kiume. Ni hii ndiyo iliyomuua?"

Manirambona aligeuza uso.

"Sijui," Mektilda alijibu. "Hakuna aliyepima. Watoto huzaliwa kabla ya wakati kwa sababu nyingi, na mimi sitakudanganya. Lakini huyu aliyemo tumboni bado tunaweza kumlinda."

Jeska alikuwa bado ameshika uzi. Aliufungua kutoka kwenye kidole, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili. Akamnyooshea mumewe.

"Shika, Baba Julieth."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nimemaliza."

Manirambona aliutazama uzi. Akamtazama mkewe aliyeegemea ukuta. Akaupokea.

Mektilda alimtaka Jeska anawe kwa sabuni na avae nguo kavu. Kisha aliomba maji ya kunywa. Apolinaria akamimina kutoka kwenye dumu la bluu.

"Dumu hili lilikuwa la nini, mama?"

"La dawa ya wadudu. Lakini tulilisuuza mara tano!"

"Hata mara hamsini. Sumu hiyo haiishi kwa kusuuza. Litoboeni, mtu asilitumie tena. Na nguo za kupulizia dawa, Manirambona, utazifua mwenyewe, mbali na nguo za watoto. Jeska asizishike, wala asiingie shambani mkishapulizia."

"Na wanzuki je?" Apolinaria aliuliza. "Hiyo nayo ni sumu? Si asali?"

"Ni asali iliyogeuka pombe. Mama akinywa, mtoto anakunywa. Hakuna kiasi kidogo kilicho salama. Mpe uji wa ulezi wenye karanga."

"Haya," Apolinaria alisema. "Wanzuki yake nitaimaliza mimi."

"Sasa twende kituo cha afya," alisema Mektilda. "Kutapika na kuanguka kunaweza kuwa malaria pia, au upungufu wa damu. Tusikisie."

Manirambona aliita bodaboda. Kituoni nesi alimpima Jeska malaria; hakuwa nayo. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Nesi alisikiliza mapigo ya mtoto, akasema yako sawa. Naye alimwambia Jeska maneno yale yale: tumbaku mbichi, mwiko.

Siku ya kuchuma iliyofuata Manirambona aliomba majirani wamsaidie, naye angewasaidia kwa zamu. Walivaa glovu za mpira, wakasubiri umande ukauke. Lakini kufunga kulimshinda Manirambona. Alivuta uzi, majani yakamwagika miguuni. Tobias, jirani yake, mpenda mashairi, aliimba:

"Bwana harusi wa bani, fundo lako halikazi,
Majani yalala chini, mkeo ndiye mjuzi!"

Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Jeska alikuwa nyumbani, mbali na bani na moshi wake, akipika maharage ya wasaidizi. Alisikia shairi na kicheko, naye akacheka. Kisha akapaza sauti:

"Baba Julieth! Matatu matatu! Usishike jani kama unashika nyoka!"

Bani lilijaa jioni badala ya mchana. Baadhi ya majani yaliharibika, nao walikubali. Wiki ile Jeska hakutapika. Wiki iliyofuata pia. Kliniki hakuikosa, na kila mwezi nesi alipima tumbo na kuona linakua.

Mwezi wa sita, mimba ilipotimiza miezi tisa, uchungu ulianza. Jeska alijifungulia kituo cha afya. Alikuwa mtoto wa kike. Nesi alimweka kwenye mizani. Manirambona alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kilo tatu na gramu mia mbili," nesi alisema.

"Rudia, nesi."

"Kilo tatu na gramu mia mbili."

"Hebu rudia tena."

"Baba, hata ukiniuliza mpaka kesho, mizani haitabadilika."

Mtoto alikerwa na baridi ya mizani. Alifungua kinywa akalia kwa nguvu, hadi wagonjwa waliokaa nje wakageuka. Nesi akambeba, akampa mama yake. Jeska akamweka kwenye titi, naye akanyamaza, akaanza kunyonya.