Nani Anakwaruza Satini?

Siku hizo Fundi alikuwa na macho manne. Mawili ya kushonea, mawili ya kumchunga wifi yake.

Chumba chao cha kushonea kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu cha wateja. Fundi alishona. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alipiga pasi na kutia vifungo. Zamani walikuwa wakicheka kutwa nzima. Sasa ilisikika cherehani tu.

Shida ilikuwa gauni la bibi harusi. Lilikuwa la satini nyeupe, inayoteleza kama maji. Kila asubuhi Fundi alilipapasa kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Na kila asubuhi alikuta uzi umevutwa, umesimama kama unywele. Kipande cha kifuani kilikuwa kimeshaharibika. Kitambaa kilichobaki kilitosha kukata kingine kimoja tu.

Mama wa bibi harusi alikuwa amesema wazi. "Fundi, nikikuta mkwaruzo tena, nachukua gauni langu. Na watu wakiniuliza, nitawaambia."

"Panya humu hakuna," Fundi alimwambia mumewe. "Paka hatuna. Amebaki nani?"

"Usianze," mume alisema.

"Sijaanza. Nauliza tu."

Aliuliza huku akitafuna ukucha wa kidole gumba. Alikuwa hivyo tangu utotoni. Hakuna aliyeshtuka tena, hata yeye mwenyewe.

Jioni ile Fundi aliweka mtego. Alilifunga gauni ndani ya shuka, akapiga fundo la namna yake, fundo ambalo alijua hakuna mwingine anayeliweza. Asubuhi alikuta fundo kama alivyoliacha. Akafungua shuka. Akapapasa satini polepole, kwa vidole vyote. Haya! Uzi mwingine umesimama palepale kifuani.

"Kumbe ameshajifunza fundo langu," alinong'ona. Akapeleka kidole mdomoni.

Kutwa ile alimtazama wifi yake kupitia kioo.

"Wifi," yule msichana alisema mwishowe, "mbona unanichungulia?"

"Nikuchungulie wewe? Najitazama mwenyewe."

"Unajitazama wewe, macho yako mgongoni kwangu?"

"Basi niambie, satini inakwaruzwa na nani?"

Wifi alisimamisha pasi. "Ahaa. Kumbe mharibifu wenu ni mimi."

"Sijakutaja."

"Hujanitaja kwa mdomo." Aliichomoa pasi kwenye umeme. "Kaka akirudi kazini, namuaga. Siwezi kuishi na mtu anayenihesabia pumzi."

Akaingia chumbani. Fundi akasikia zipu ya begi ikifunguliwa.

Je, ni hatia inayomkimbiza, au ni uchungu? Hakujua. Kidole gumba nacho kilikuwa kinamuuma. Kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu kando ya ukucha. Akakifumua kile kipande cha kifuani kilichoharibika, akaenda nacho kwa jirani yao muuguzi.

"Dada, nina mambo mawili," alisema. "Kidole changu, na hiki kitambaa. Wewe umezoea kuona majeraha. Niambie, hapa pamepita kisu au ukucha wa mtu?"

Muuguzi alikuwa anaanua nguo. Akamkalisha barazani. Fundi akamsimulia yote, ya fundo, ya kioo, ya begi.

"Toa mkono mdomoni kwanza," muuguzi alisema.

"Mkono gani?"

"Huo."

Fundi alishusha mkono. Hakuwa na habari kama ulikuwa umepanda.

Muuguzi alitandaza kile kitambaa, akapitisha kiganja chake juu yake. Kikateleza kimya. "Sasa wewe. Taratibu."

Fundi akapitisha vidole. Krrr. Uzi ukanasa kwenye ukucha wa kidole cha shahada, ukavutika, ukasimama.

Wote wawili wakautazama.

"Mungu wangu," Fundi alisema. "Kila asubuhi nalipapasa mimi."

"Tena ukiona uzi, unaingiwa na wasiwasi. Ukiwa na wasiwasi unatafuna. Ukitafuna, kucha zinakuwa na meno kama msumeno. Kesho unapapasa tena." Muuguzi alikishika kidole gumba. "Na hapa umejijeruhi, vijidudu vimeingia. Chini ya kucha kuna uchafu, hata mayai ya minyoo. Yote unakula. Kidole hiki kiloweke kwenye maji ya vuguvugu. Usikitumbue. Kikianza kutunga usaha, au ukipata homa, njoo zahanati upesi."

"Na kutafuna nitaachaje? Nipake pilipili?"

"Ujifute jicho, ulie mpaka jioni? Hapana. Kata kucha ziwe fupi, usizisugue kwa meno, zisugue kwa tupa ndogo ya kucha. Ukucha laini haukuiti mdomoni. Paka mikono mafuta, uyaache yakauke vizuri kabla ya kushika kazi. Kisha jichunguze wewe, badala ya wifi yako. Ni wakati gani mkono unapanda? Wakati huo upe kitu cha kufinya."

"Nikisahau?"

"Utasahau. Usijitukane, anza tena. Na mwombe mtu akukumbushe kwa upole, bila kukugombeza."

Fundi alirudi mbio. Begi lilikuwa mlangoni tayari.

"Wifi, nimemwona anayekwaruza satini," alisema, akanyoosha vidole vyake vyote. "Ni hawa hapa. Nilikushuku bure. Nisamehe."

Wifi alivitazama vile vidole, halafu akamtazama yeye, kwa jicho la pembeni. "Usije ukawa unanitega tena."

"Papasa mwenyewe uone."

Wifi aligusa zile kucha. Akavuta mkono haraka. "Lo! Hizi si kucha, ni misumari!" Akaanza kucheka, kisha akafuta machozi. "Sasa ni zamu yangu kukuchunga."

Na alimchunga kweli. Alishona kimpira cha mabaki ya vitambaa. Kila mkono wa Fundi ulipopanda, alikirusha kwenye mapaja yake bila kusema neno. Mwanzoni kilirushwa kutwa. Baadaye kikawa kinakaa tu mezani. Uvimbe ulipungua, kucha zikaota. Fundi akakata kile kipande cha mwisho cha satini, akakishona. Hakuna uzi uliosimama.

Siku ya kuchukua gauni, mama wa bibi harusi aliingia amekunja uso. "Leo nalikagua mwenyewe," alisema, akanyoosha mkono.

"Mama, subiri!" Fundi aliruka mbele ya gauni. "Samahani, naomba kwanza nione kucha zako."

"Kucha zangu? Unanishuku mimi?"

Kisha akavitazama vidole vyake. Kucha zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama. Akaukunja mkono polepole.

"Ni mambo ya harusi hii," alisema kwa sauti ndogo. "Silali."

Wifi alikuwa ameshavuta kiti. Mkono mmoja alishika tupa ya kucha, mwingine alishika kile kimpira.

"Kaa, mama," alisema. "Hata sisi tulianzia hapo."