Foleni Juu ya Uwanja wa Tolliver

Jua lilikuwa limeshagusa mahindi ya jimbo la Iowa wakati Lowell Haverkamp, rubani mzee, alipoamua kushuka kuongeza mafuta. Tangu asubuhi, kutoka Nebraska, upepo ulikuwa ukimpiga usoni. Macho yalimwasha. Mgongo ulimkaza. Ndege yake ya viti viwili, iliyomzidi binti yake umri, ilinguruma kama nayo imechoka. Mkutano wa wenye ndege ulianza kesho yake, kule Wisconsin, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuukosa.

Mafuta yalibaki ya dakika ishirini na tano. Yangetosha.

Uwanja wa Tolliver hauna mnara wa kuongoza ndege. Kila rubani hujitangaza redioni, kisha humpisha aliyemtangulia. Ndiyo adabu yao. Asiye nayo husemwa mkutano mzima.

"Tolliver, naja kutua kutoka magharibi," alisema.

Redio ikakwaruza...

"Karibu, mzee. Wewe wa nne." Sauti ya kiume, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Wa nne! Wote mnaenda mkutanoni?"

"Tulikuwa tunaenda."

Lowell alicheka kidogo. Akatazama mbele, asione ndege. Ni uchovu huu, akajiambia. Akazunguka.

"Zamu yangu sasa?"

"Nipishe kwanza, babu," ikadakia sauti ya mwanamke. "Asante. Waungwana wamekuwa adimu siku hizi."

Akampisha. Chini, njia ya kutua ilikuwa tupu. Kila alipoielekezea pua, mwingine alijitangaza. Akazunguka tena. Na tena. Harufu ikaingia ndani ya ndege: udongo mbichi, majani ya mahindi yaliyolowa... futi elfu moja juu ya ardhi.

Mshale wa kipimo cha mafuta ukalala kwenye sifuri.

Injini ikakohoa.

"Jamani, mafuta yananiishia. Nashuka."

"Subiri zamu yako."

Haikutoka redioni. Ilitoka kiti cha pembeni.

Hakugeuka. Aliishusha pua ya ndege.

"Nisemeni mnavyotaka," alinong'ona. "Nimechoka mno, hata haya sina tena."

Baridi ikampitia kifuani, ikatokea mgongoni. Injini ikazimika. Ukabaki mluzi wa upepo tu...

Magurudumu yakagonga lami.

Twyla, mama aliyeutunza uwanja ule, alimkuta ameketi chini ya bawa. Akamshika mkono hadi ofisini, akammiminia kahawa.

"Ulikuwa unampisha nani, babu? Redioni nilikusikia wewe peke yako."

"Wale watatu."

Twyla hakuuliza watatu gani.

"Pengine moshi wa injini umekuingia kichwani," alisema. "Hutokea. Kesho fundi akukagulie ndege." Akakoroga kahawa yake. "Tumeokota marubani watatu waliokufa kwenye mahindi yale ya jirani. Kila mmoja mwaka wake. Matangi ya ndege zao makavu. Na ndugu zao walisema neno moja: alikuwa mtu wa adabu sana."

Nje, taa za uwanja zikawaka. Taa hizo huwashwa na rubani aliye angani, kwa kubonyeza kitufe cha redio yake.

Lowell alitega sikio. Hakukuwa na mngurumo wowote.

Twyla alivuta pazia taratibu.

"Kunywa kahawa," alisema. "Na kesho ukiruka, usijitangaze."