Za Mnunuzi na za Mtoto

Tekla alimwaga karanga uani akaanza kuzichambua. Zilizonona zilikwenda kwenye gunia. Zilizosinyaa na zenye ukungu aliziweka kando. Hizo zilikuwa za watoto. Ndivyo walivyozoea pale Dongobesh tangu wafanyabiashara waanze kuja na malori: kizuri apewe mnunuzi, kibovu ale mtoto.

Binti yake mdogo, Evaline, aliingia akilia. Alikuwa amefeli mtihani wa darasa la nne. Aliambiwa arudie.

"Arudie nini?" alifoka Gidion, baba yake. "Kichwa ni kile kile cha dada yake. Jumatatu ataenda malishoni na ndama."

Dada yake, Paskalina, alikuwa akifagia zizi. Naye aliachishwa shule darasa la nne. Hakuinua uso.

Mhudumu wa afya wa kijiji, Benedikta, alikuwa akipita. Alisikia, akaingia.

"Shikamoo, mama," alisema Evaline.

"Marahaba. Asubuhi umekula nini?"

"Chai ya rangi."

"Na shuleni?"

"Sili. Huwa nasinzia tu."

Benedikta aliokota karanga yenye ukungu. "Na hizi, Mama Paskalina?"

"Za watoto."

"Ndama ungempa?"

Gidion alicheka. "Ndama ana bei!"

"Ndiyo maana ndama wako wamenona kuliko binti zako."

Gidion aliacha kucheka.

"Ukungu una sumu," alisema Benedikta. "Zitupeni. Hata kuku wasile. Mtoto apewe karanga safi, konzi moja kila siku, au zisagwe zitiwe kwenye uji. Zina protini na mafuta mazuri. Ubongo wake unakua, nao unataka chakula. Karanga peke yake hazimfaulishi mtu. Lakini mwenye njaa hamsikii mwalimu."

"Mpe mwaka mmoja, Baba Paskalina," Tekla alimsihi mumewe. "Mmoja tu. Huyu wa kwanza tumeshampoteza."

 Gidion alifungua gunia. "Madebe mawili yabaki nyumbani. Mwaka mmoja."

Kila asubuhi watoto walikunywa uji wa karanga. Evaline hakusinzia tena. Alianza kunyoosha kidole darasani. Jioni alisoma kwa sauti hadi Gidion akamwambia apunguze kelele.

Mwaka ulipokwisha, alifaulu.

Paskalina aliichukua karatasi ya matokeo. Aliisoma polepole, neno kwa neno.

"Mama," aliuliza, "mimi nilikuwa nakula zipi?"

Tekla alitazama pale kando alipozoea kuweka zenye ukungu.

Jumatatu Evaline alikwenda darasa la tano. Paskalina alikwenda na ndama.