Almasi Zisizoshikika

Simu ya mwenye saluni ilikataa malipo saa nne na robo asubuhi, Jumamosi, mbele ya wateja. Alikuwa anailipa hospitali pesa ya upasuaji wa macho ya mama yake. Akajaribu tena. Salio halitoshi. Alipofungua akaunti na kuona kilichobaki, aliketi kwenye kiti cha kuoshea nywele bila kujali kwamba kimelowa.

"Kitana," aliita. "Njoo hapa."

Kitana ndilo jina wateja walilompa binti aliyekuwa akijifunza kazi pale, kwa wembamba wake. Alikuja na uzi mkononi. Bosi wake hakuuliza kitu. Alimzaba kofi, akaumwaga mkoba wake sakafuni, akamwita mwizi kwa sauti iliyomtoa nje fundi cherehani wa mlango wa pili.

"Inatosha," alisema mteja wa kiti cha dirishani.

Alikuwa Inspekta kutoka kituo cha polisi cha mtaa ule, siku yake ya mapumziko, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alijifunga taulo kichwani, akanyoosha mkono.

"Ukimgusa tena, nitaanza kukuweka ndani wewe. Nipe simu."

Aliipekua. "Hii pesa imekatwa na duka la programu. Huwa unasoma barua pepe zako?"

"Za nini, afande? Si matangazo tu."

"Hizi ni risiti. Almasi, almasi, almasi tena. Alhamisi saa saba mchana, vazi la dhahabu."

"Mimi sijanunua almasi wala dhahabu."

"Hazishikiki hizi. Ni za mchezo wa vita. Mchezo unapakuliwa bure, ukishanogewa ndipo unauziwa silaha na nguo za askari wa katuni. Akaunti yako imeunganishwa na duka, kwa hiyo kila anayebonyeza 'nunua' kwenye simu hii, wewe ndiye unayekamuliwa."

Kutoka kwenye benchi la mlangoni, mdogo wake mwenye saluni aliinua macho. Alikuwa kijana mkubwa asiye na kazi, aliyeshinda pale na simu yake akisubiri dada yake amlishe.

"Dada, mimi nilikuonya," alisema. "Huyu anashika simu yako kutwa, eti anaweka muziki."

Inspekta alimgeukia Kitana. "Unajua namba ya kuifungua?"

"Naijua. Bosi alinipa mwenyewe." Shavu lake lilikuwa limevimba.

"Si umesikia?" mwenye saluni alifoka.

"Nimesikia. Ila namba ya kufungulia hainunui kitu. Duka linataka kidole. Kitana, weka chako."

Simu ilitetemeka, ikakataa. Mwenye saluni akaweka cha kwake, nacho kikakataliwa. Dawa za nywele zilikuwa zimemla ngozi ya vidole miaka mingi.

"Haijawahi kunikubali," alisema.

"Lakini kuna kidole kimoja kimesajiliwa. Cha nani?"

Mdogo mtu alicheka kidogo. "Changu. Mimi ndiye niliyemtengenezea simu ilipokuwa mpya. Ni kosa?"

"Kumtengenezea si kosa," Inspekta alisema. "Mchezo wenyewe haumo humu. Umefutwa."

Aliupakua upya. Ulifunguka ukimkaribisha kama mgeni, hana hata almasi moja.

"Sikilizeni. Mnunuzi aliingia humu kwa jina lake la mchezo, akalipia kwa pesa ya bosi, akafuta. Alichonunua kikamfuata kwenye simu yake. Kitana, yako iko wapi?"

Binti alionyesha sakafuni, katikati ya vitu vyake vilivyomwagwa. Ilikuwa simu ya vitufe, kioo kimepasuka.

Mwenye saluni aligeuka taratibu kuelekea benchi.

"Lete simu yako," alimwambia mdogo wake.

"Dada, mimi nacheza mpira tu humu."

Alimfikia kwa hatua mbili, akampokonya kabla hajaifunga. Kwenye kioo alisimama askari aliyevaa dhahabu kuanzia kofia hadi viatu. Juu yake paliandikwa: Jemedari.

"Nilinunua kwa pesa yangu," kijana alisema.

"Pesa ipi?" dada yake aliuliza. "Nauli yako natoa mimi. Hata hilo shati nimenunua mimi."

Inspekta alichukua simu zote mbili, akafungua kumbukumbu ya manunuzi ndani ya mchezo, akailinganisha na risiti. "Namba ya oda ya vazi la Alhamisi ni ileile. Saa saba mchana, wenzako wakila, wewe ulikuwa na simu ya dada yako."

Kijana aliinama. "Nina kikosi," alisema mwishowe. "Watu mia mbili wananisubiri niwaongoze. Ukikosa silaha mpya wanakutimua. Hapa mimi nani? Huko mimi ni mtu. Nilidhani nitarudisha kabla ya upasuaji."

"Mama yako anapapasa ukuta akienda chooni," mwenye saluni alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na ilitisha kuliko makelele ya mwanzo. "Na wewe umemvalisha katuni dhahabu. Halafu umekaa hapo ukaangalia mtoto wa watu anapigwa."

Inspekta alimwambia mwenye saluni aombe duka limrudishie pesa, ingawa hakumwahidi kitu. Alikifuta kwenye simu kile kidole kilichosajiliwa, akaweka neno la siri kwa kila ununuzi, akamwagiza kijana atangulie kwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Na wewe," alimwambia mwenye saluni, "kofi nimeliona. Akitaka kushtaki, nitaandika maelezo yake mimi mwenyewe."

Kitana alikuwa amepiga magoti, anaokota vitu vyake. Bosi wake aliinama kumsaidia.

"Niachie," binti alisema.

"Nisamehe, mwanangu. Hasira zilinipanda."

"Umeniita mwizi mtaa mzima ukasikia. Msamaha unaniomba kwa kunong'ona."

Mwenye saluni alisimama, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka nje. Fundi cherehani alikuwa bado mlangoni kwake, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Jirani," alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "yule binti si mwizi. Mwizi ni mdogo wangu, tumbo moja."

Kisha akaenda mlango uliofuata.